Shabaha Isiyo na Kipimo Haifikiwi

Kamenu ni mojawapo ya wadi tano za Eneo Bunge la Thika Mjini, katika Kaunti ya Kiambu. Barabara, zahanati na mifereji ya wadi hii hutegemea sana mipango ya serikali ya kaunti, iliyoanza kazi mwaka 2013. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 108, yaagiza kila kaunti iwe na mpango wa maendeleo wa miaka mitano wenye mambo manne: makusudi yaliyo wazi, maelezo ya utekelezaji yenye matokeo dhahiri, njia ya kufuatilia na kupima kazi, na njia ya kutoa taarifa.

Kuyasoma mambo hayo ni rahisi, bali kuyatimiza ni kazi. Mara nyingi shirika huandika, “Tutaboresha huduma ya maji.” Hapana awezaye kulipinga neno hilo, wala hapana awezaye kulipima. Mwaka ukiisha, mmoja husema kazi imefanyika na mwingine husema haikufanyika, na hakuna wa kuwaamua. Lakini fedha zimekwisha kutumika.

Shabaha njema hujibu maswali matano. Hali ya sasa i vipi? Itabadilika kwa kiasi gani? Kufikia tarehe gani? Nani atakayeulizwa? Fedha zitatoka wapi? Tuchukue mfano wa kubuni: mtaa una nyumba 300 zisizo na maji ya bomba. Shabaha yaweza kuandikwa kwamba, kufikia tarehe 30 Juni, siku ambayo mwaka wa fedha wa Kenya huisha, nyumba 200 kati ya hizo zitapata maji walau siku tano kwa juma, na msimamizi fulani atatoa hesabu yake.

Angalieni kwamba mfano huo hauhesabu mabomba, bali wahesabu nyumba zipatazo maji. Kulaza mabomba ni kazi. Maji kufika jikoni ndiyo matunda ya kazi. Shirika lihesabulo kazi peke yake laweza kusifiwa kwa mabomba makavu.

Iko hatari nyingine. Mwaka 2004 Serikali ya Kenya ilianzisha mikataba ya utendaji, kwanza katika mashirika 16 ya umma. Wakuu wa mashirika hayo waliweka sahihi kuahidi shabaha za mwaka, kisha wakapimwa. Utaratibu huo ulienea hadi wizarani, na ulizoesha ofisi nyingi kuandika ahadi zao. Lakini wachunguzi walitoa onyo: anayejiwekea shabaha ndogo hupata alama kubwa kwa jasho dogo. Dawa yake ni kulinganisha shabaha na yaliyopatikana miaka iliyopita, na kuwaruhusu wanaohudumiwa waseme kama shabaha hiyo yatosha.

Tena, kupima kusingoje mwisho wa mwaka. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 yazitaka kaunti zitoe taarifa kila robo ya mwaka. Faida yake ni kwamba kazi iliyochelewa mwezi wa Septemba yaweza kurekebishwa Oktoba. Ikigunduliwa Juni, kilichobaki ni lawama.

Kwa hiyo mwananchi wa Kamenu aitwapo mkutanoni kutoa maoni juu ya bajeti, asiridhike kuomba barabara au zahanati tu. Na aulize: kiasi gani, lini, chini ya nani, na taarifa itasomwa wapi? Kisha aandike majibu na kuyaleta katika mkutano ufuatao.

Vyama vya akiba, vya ushirika na vya kina mama vyaweza kufuata njia iyo hiyo, kwa daftari moja na kalamu. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Shabaha nazo ni vivyo hivyo.