Ile chura ya kijani kwenye pakiti ya kahawa, inatuletaka nini?

Leo tuongee kidogo juu ya etiketi, hizi alama ndogo zinazobandikwa kwenye chakula kusema kimelimwa bila kuharibu mazingira ao bila kumnyonya mkulima.

Nilipokuwa staji katika koperative moja ya kahawa upande wa Kalehe, mzee mmoja aliniletea pakiti tupu iliyotoka Ulaya. Akaweka kidole kwenye chura ya kijani, akauliza: "Mwanangu, weye mwenye masomo, hii chura inatuletaka nini?" Nikamjibu maneno mingi ya darasani: udongo, miti ya kivuli, maji ya ziwa. Hakuridhika. Yeye alikuwa amepanda ile miti, hakuhitaji mimi nimwelezee kivuli. Alitaka kujua yule mutu wa kule, akiiona chura kwenye rafu ya duka, anafanya nini.

Sikuwa na jibu siku ile. Nimelitafuta kisha.

Chura ni alama ya Rainforest Alliance. Kuko pia Fairtrade, ambayo mizizi yake ni Uholanzi mwaka 1988, wakati huo ikiitwa Max Havelaar, na kahawa njo ilikuwa bidhaa yake ya kwanza. Tena kuko jani la kijani la Umoja wa Ulaya kwa mazao ya bio. Hazisemi kitu kimoja: Fairtrade inaweka bei ya chini kabisa, Rainforest Alliance haiweki. Wanunuzi wengi wanazichanganya zote na kusema tu "hii ni nzuri".

Sasa, ukimuuliza mutu kama atalipa zaidi juu ya mazingira, atasema ndiyo. Nani anapenda kuonekana mubaya? Kwa hiyo watafiti watatu, Hainmueller, Hiscox na Sequeira, hawakuishia kwenye maswali, waliingia dukani. Katika maduka 26 ya kampuni moja kubwa ya Marekani, walibandika alama ya Fairtrade kwenye kahawa, na wakati mwingine wakabandika etiketi nyingine ya kawaida isiyoahidi chochote, ili walinganishe. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Kahawa yenye Fairtrade iliuzwa zaidi kwa karibu 10%, bei ikiwa ile ile.

Hapo mzee wangu angefurahi. Lakini ngoja. Walipopandisha bei, mambo yaligawanyika. Kahawa ya bei ya juu iliongezwa 8%, watu wakaendelea kununua. Kahawa ya bei ya chini iliongezwa 9%, mauzo yakashuka 30%. Alama ni ile ile, lakini mwenye kuhesabu senti aliangalia bei kwanza. Kwa ninavyoelewa mimi, etiketi haimbadilishi mutu moyo pale mbele ya rafu. Inamsaidia kuchagua yule aliyekuwa tayari kulipa.

Na inabidi aiamini. Danemark iko kati ya nchi ambako watu wanakula bio zaidi duniani, na kule serikali yenyewe njo inasimamia alama, ile Ø nyekundu, tangu 1989. Mnunuzi hatakiwi kujiuliza nani yuko nyuma yake.

Turudi Kalehe. Agosti 2023, bei ya chini ya Fairtrade kwa arabika iliyooshwa iliwekwa dola 1.80 kwa libra, yaani karibu gramu 454, na juu yake senti 20 za premi zinazoingia koperative. Hiyo bei ya chini ni kinga wakati soko limeanguka. Lakini mwisho wa 2024 soko la New York lilipita dola 3, kinga ikalala, zikabaki senti 20. Kwa upande mwingine weka malipo ya wakaguzi, makaratasi, siku za mafunzo. Tena si kahawa yote yenye cheti inauzwa kama yenye cheti. Mwenye kukaanga kule akiona wateja wake ni wale wa bei ya chini, ananunua mzigo wenu kama kahawa ya kawaida, na chura haisafiri. Miti mlipanda, mkaguzi mlilipa, nyongeza hakuna.

Ndiyo maana nakasirika kidogo nikiona sisi maagronomu tunakimbilia kutafutia koperative cheti mbele ya kuuliza mnunuzi ni nani na anauzia watu gani. Swali hilo halikuwa hata kwenye ripoti yangu ya staji.

Hapa Bukavu etiketi ni mdomo wa muuzaji. Kuko mama mmoja pale Kadutu anatenga vikapu viwili vya nyanya. "Papa, hii haina dawa hata kidogo," anasema, na fungu la kikapu hicho linazidi la kingine kwa franka 500. Wateja wake wanamwamini, wengine tangu miaka. Nilimuuliza kama kinaisha. Akacheka: siku ambazo watu wamepata mishahara, kinaisha mbele ya saa sita. Katikati ya mwezi, anarudi nacho nyumbani.