Kambi ya Vijana Huanzia Feri

Mtu akisimama asubuhi hapo Feri, upande wa kisiwa cha Mombasa, huona watu wa kila namna wakishuka kutoka Likoni: makarani waendao kazini, wanawake wenye vikapu vya mboga, wasukuma mikokoteni na wanafunzi. Lakini siku za mapumziko ya shule, hasa mwezi wa Agosti wakati wa kipupwe, yamkini ataona pia kundi la vijana wanaongoja kuvuka kwenda upande wa pili. Wamefunga skafu shingoni, kila mmoja ana mzigo mgongoni, na sufuria zao zinagongana kila wanaposogea. Hao ni maskauti waendao kambini ng'ambo, aghalabu pande za Kwale.

Wapita njia huitazama mizigo ile, wakacheka kidogo, wakaenda zao. Lakini angojaye dakika chache huona jambo la kufikiriwa. Mwalimu wa vijana amesimama kando wala hasemi neno. Anayewapanga watoto wawili wawili, akawaita kwa majina na kukagua kamba za mizigo yao, ni kijana wa miaka kumi na mitano hivi. Ana watoto sita au saba chini yake, na wengine wanalingana naye kwa urefu. Kijana huyo ndiye kiongozi wa kikosi, naye atapanda feri mwisho.

Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto huenda kambini kucheza na kuimba mbele ya moto. Michezo ipo na nyimbo zipo. Lakini kazi kubwa ya kambi ni kumpa kijana amana ya kweli, yaani wenzake walio hai, kisha kumtazama jinsi anavyoichukua.

KAMBI YA KISIWANI

Asili ya desturi hii nayo ni safari ya kuvuka maji. Mwanzoni mwa Agosti 1907, Robert Baden-Powell, askari wa Kiingereza, aliwakusanya vijana ishirini hivi katika kisiwa kidogo cha Brownsea, karibu na mji wa Poole, kusini mwa Uingereza. Baadhi yao walikuwa wana wa matajiri waliosoma katika shule za gharama kubwa. Wengine walikuwa wana wa watu wa kazi wa miji ya karibu. Aliwachanganya, akawagawa vikosi vinne, na kila kikosi akakipa jina: Fahali, Mbwa-mwitu, Kunguru na Sululu. Sululu ni ndege yule yule wa pwani, mwenye mdomo mrefu uliopinda, ambaye watu wa Mombasa humwona akitafuta chakula katika matope ya mikoko maji yanapokupwa.

Vijana wale waliitwa kwa baragumu la pembe ya tandala, ambalo Baden-Powell alilipata katika vita vya Wamatabele mwaka 1896. Walijifunza kuwasha moto, kufuata nyayo, kufunga kamba na kuokoa mtu aliyepatwa na hatari. Lakini jambo lililokuwa jipya siyo hayo. Jambo jipya ni kwamba juu ya kila kikosi hakuweka mtu mzima, bali aliweka kijana mwenzao, akamwambia kuwa mwenendo wa kikosi ni juu yake. Kila usiku kikosi kimoja kiligawiwa unga, nyama, mboga na chai, kikaenda kulala mahali pa peke yake, kikajipikia na kujiwekea zamu ya ulinzi.

Fikra hiyo ilikuwa imemwingia miaka michache nyuma huko Afrika Kusini, mji wa Mafeking ulipozingirwa na maadui kwa siku 217, tangu 1899 hadi 1900. Vijana wa mji walichukua barua na habari huku mizinga ikilia, na wakubwa wakaona kwamba mtoto akiaminiwa aweza kutenda kuliko alivyodhaniwa. Historia ya mji huo ina upande wa pili pia, ambao yafaa usifichwe. Chakula kilipopungua, Waafrika waliokuwamo walipata sehemu ndogo kuliko Wazungu, na wengi wakafa kwa njaa. Kijana anayefundishwa uongozi na ayajue yote mawili: ushujaa wa wale watoto, na aibu ya wakubwa walioshindwa kugawa chakula kwa haki.

Uskauti ulifika Kenya mwaka 1910. Baden-Powell mwenyewe alikuja kukaa Nyeri mwaka 1938, akafa huko tarehe 8 Januari 1941, na huko ndiko alikozikwa. Juu ya kaburi lake imechorwa alama ndogo: duara lenye nukta katikati. Ni alama ambayo maskauti huiacha njiani, na maana yake ni, "Nimekwenda nyumbani."

KUVUKA

Mkondo wa Likoni si mpana; upana wake ni kama nusu kilomita tu. Hata hivyo, watu wa Mombasa hawahitaji kuambiwa kwamba maji hayana mzaha. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe, katika maji hayo hayo ya Kilindini, ilipinduka ikiwa imejaa watu, na roho 272 zikapotea. Nyumba nyingi za Likoni na Mtongwe zingali zinakumbuka siku ile.

Kwa sababu hiyo, kundi lenye malezi mema huvuka kwa taratibu. Kila mtoto ana mwenziwe, na hawaachani mikono mpaka wafike ng'ambo. Watoto huhesabiwa mara tatu: kabla ya kupanda, wakiwa ndani ya feri, na baada ya kushuka. Tena huitwa kwa majina, maana katika msongamano kuhesabu vichwa peke yake kwaweza kudanganya, kichwa cha mtoto wa mtu mwingine kikahesabiwa pamoja. Msaidizi wa kikosi hutangulia. Kiongozi hufuata nyuma ya wote. Na iko sheria moja ambayo ndiyo ngumu kuliko zote: kikosi hakikatwi na maji. Wote huvuka pamoja au hungoja pamoja.

Ugumu wake ni huu. Mara nyingine lango hufunguliwa, watu wakasukumana, na watoto watano wakaingia upesi. Mara mlinzi anapaza sauti kuwa nafasi imekwisha, na wawili wamebaki nje pamoja na kiongozi wao. Walio ndani wanacheka kwa furaha. Vikosi vingine vimekwisha kupanda, navyo ndivyo vitakavyofika kwanza na kuchagua mahali pazuri pa hema, penye kivuli. Kijana afanye nini? Aliye mwepesi wa moyo atawaambia wale watano watangulie, kwa kuwa safari ni fupi. Aliyefundwa atawaita warudi, nao watarudi wamenuna. Atavumilia manung'uniko yao mpaka feri ya pili ije.

Mwalimu akiona kwamba hapana hatari hunyamaza, akamwacha kijana akate shauri mwenyewe. Kunyamaza huku si uzembe, maana macho yake hayatoki kwa watoto. Anajua kuwa akitoa amri yeye, kijana atakuwa amejifunza kutii tu, jambo alilokwisha kujifunza nyumbani na shuleni.

MAISHA YA KAMBINI

Toka Likoni barabara hupanda mpaka Kwale na milima ya Shimba. Msitu wa Shimba ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Humo wamo tembo, na ndipo mahali pa pekee katika Kenya palipo na palahala, mnyama wa mbugani mwenye pembe ndefu zilizopinda kurudi nyuma. Vijana hawaingii humo wapendavyo. Huingia kwa ruhusa ya wenye hifadhi, na wakitaka kushuka miguu mpaka maporomoko ya Sheldrick, askari wa wanyama hufuatana nao.

Kambi huamka kabla ya jua. Kiongozi amekwisha kugawa kazi tangu jana usiku: wawili maji, wawili jikoni, wawili usafi na choo, mmoja kukagua kamba za mahema. Kesho kazi hubadilishwa, ili asiwepo mtoto wa choo kila siku wala mtoto wa jikoni kila siku. Maji ya kunywa huchemshwa. Kuni huokotwa pale tu palipoamriwa, wala mti mbichi haukatwi. Mchana ni masomo ya porini: kutambua unyayo wa mnyama na saa aliyopita, kujua upepo unatoka wapi, kujua majina ya miti kwa Kidigo na kwa Kiswahili. Usiku hakuna mtoto atokaye hemani peke yake, hata kwa haja ndogo, humwamsha mwenziwe.

Kiongozi hapimwi na tembo, kwa kuwa tembo humkuta mara chache. Hupimwa na sufuria. Sima imeungua, sufuria imeshika ukoko mgumu, na kila mmoja anasema zamu ya kuosha si yake. Kijana mkali atamshika mdogo kuliko wote na kumlazimisha. Kijana mnyonge ataiosha mwenyewe kila siku, akaitwa mwema, huku kikosi chake kikiharibika. Kiongozi wa kweli huitazama orodha ya zamu mbele ya wote, humtaja mwenye zamu, kisha huketi naye na kusaidia kusugua, kwa sababu sima iliungua yeye akiwa mwangalizi.

Katika kula mambo ni hayo hayo. Desturi njema ya kambi ni kwamba wadogo hupakuliwa kwanza na kiongozi hupakuliwa mwisho. Ikiwa chakula hakikutosha, aliyepunjika ni yeye, na kesho hapana atakayehitaji kumkumbusha kupima unga sawasawa.

SHERIA YA MSITU

Vijana wakitoka Kwale na kushuka pwani ya Diani, waweza kupelekwa Kaya Kinondo, mmojawapo wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda ambayo mwaka 2008 iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Hapo hukuta wazee wa Kidigo wenye sheria zao za zamani. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia. Haruhusiwi kutoka na kitu, hata jani lililoanguka lenyewe.

Mtoto wa mjini huona ajabu: kote pwani miti imekatwa kwa mbao na makaa, na hapa msitu umesimama bila ukuta. Hapo hufahamu kwamba sheria iliyoulinda msitu kwa karne nyingi haikuwa na bunduki. Ilikuwa na wazee walioitii wao kwanza. Somo hilo ni sawa na lile la Feri na la sufuria.

Maskauti si peke yao katika kazi hii. Mwaka 1968 wanafunzi wa Kenya walianzisha vyama vya kuhifadhi wanyama wa porini, na vyama hivyo vikaenea katika shule za nchi nzima. Huko Loitokitok, chini ya mlima Kilimanjaro, ilianzishwa katika miaka ya 1950 shule ya kuwafunza vijana uongozi kwa njia ya kupanda mlima. Na mwaka 2010 maskauti vijana wa nchi nyingi walikutana katika kambi ya Rowallan, Nairobi. Siku hizi wasichana nao wamo katika uskauti wa Kenya, na hubeba mizigo ile ile na kushika uongozi ule ule.

MZAZI NA AULIZE

Mzazi aombwaye ruhusa ya kumtuma mtoto kambini asiangalie ada peke yake. Na aulize mambo matatu. Kwanza, ni mtu mzima gani, mwenye kujulikana, atakayekuwa karibu na watoto usiku na mchana? Pili, watoto watavukaje maji, na ni nani atakayewahesabu? Tatu, je, mtoto wangu atapewa kazi gani ambayo isipofanyika wenzake watataabika? Akijibiwa vema mambo mawili ya kwanza, amani ipo. Akijibiwa vema la tatu, faida ipo.

Siku ya mwisho kundi hurudi Likoni, nguo zimechafuka, nyuso zimeungua jua. Msukumano wa Feri ni ule ule, lakini watoto hawasukumani tena kama siku ile ya kwanza. Kila mmoja anamtafuta mwenziwe kabla hajaambiwa. Wakishuka upande wa kisiwa, kijana yule wa miaka kumi na mitano huwaita kwa majina mara ya tatu, nao huitika mmoja mmoja. Akisikia jina la mwisho limeitikiwa ndipo anapoutua mzigo wake, na wazazi waliokuja kuwapokea watoto wao huweza kwenda nao nyumbani.