Kusi Limekaza, Betri Yako Vipi?

Oya wanangu wa Pangani, hili tuambiane bila kupepesa. Mtu anamwaga mkwanja mrefu kwenye fremu ya kaboni, kamera kali na miwani ya FPV, ikifika zamu ya betri anaanza ubahili: "Nichekie yoyote ya bei chee." Hapo mwana umekula wa chuya. Droni yenye betri ya kimeo itakaa geto kama pambo, na siku betri ikichachamaa inaondoka na geto lenyewe.

Anzia kwenye stika. S ni idadi ya seli. Kila seli ya LiPo, hizi betri zetu za droni, inahesabiwa volti 3.7, na ikijaa inagonga 4.2. Kwa hiyo 4S inaandikwa 14.8, ila ikitoka kwenye chaja utasoma 16.8. mAh ni ujazo, hilo kila mtu mwenye simu analijua. Fiksi zote zimelala kwenye C, yaani kasi ya kutema umeme. Betri ya 1500 mAh iliyoandikwa 100C inajitapa kwamba inaweza kutema ampea 150 mfululizo. Thubutu! Nyingi hazifiki hata nusu. Dawa yake ni mzani: 4S ya ujazo huo yenye nyama inacheza kati ya gramu 160 na 190. Ukikuta nyepesi kama mkate wa kumimina, halafu stika inapiga kelele 150C, mrudishie mwenyewe kistaarabu.

Na nyie mnaochomoa seli za laptop mbovu kwa fundi, mkazifunga na selotepu, nawapenda kwa ubunifu. Zinawasha taa na redio fresh kabisa. Ila droni ya inchi 5 ukiikanyagia moto inaweza kuomba zaidi ya ampea 100 kwa mpigo, na zile seli zinakata pumzi hapohapo hewani.

Sasa upepo, maana huu ndio unaotuumbua. Kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi kusi linatawala, na masela wanarushia ufukweni hapa mjini. Mtu anaiachia droni iteleze na upepo kuelekea Mkoma, volti zinasoma poa, mzuka umepanda. Anageuza. Kurudi ni kupigana na upepo uso kwa uso, mota zinanyonya kinyama, volti zinaporomoka ghafla, na chini yake ni bahari. Anza kwa kuukabili upepo, urudi ukiwa unasukumwa. Seli ikikaribia 3.5, tua. Ikishuka chini ya 3.0 umeiua, na hata ikikubali kujaa tena haitakuwa na nguvu zilezile. Ile ya inchi 5 ukiichezesha vibaya 1500 mAh inaisha ndani ya dakika tatu mpaka tano, kwa hiyo mwamba unayewaza kuruka Ushongo mpaka Maziwe, kausha. Kile kisiwa ni hifadhi ya bahari, kibali cha droni ni shughuli ya TCAA, wale wa usafiri wa anga, na Wizara ya Ulinzi, na hata wote wangekukubalia, betri yenyewe ingekugomea njiani.

Kuchaji ndiko kwenye noma yenyewe. Betri ikitoka hewani bado ina joto, iache ipoe kwanza. Tumia chaja ya kubalansi, ile inayosoma kila seli peke yake, na uiweke kwenye 1C: 1500 mAh unaipa ampea 1.5, ndani ya saa moja na kitu imejaa. Umeme ukikata usilie. Chaja nyingi za hobi zinakubali volti 12, unachomeka kwenye betri ya sola na maisha yanaendelea. Ila sio ndani ya banda la makuti! LiPo ikilipuka haiwaki kama mshumaa. Inafoka mfululizo kama fataki, moshi wake ni sumu, na makuti makavu hayahitaji kubembelezwa. Chajia nje kwenye saruji, ndoo ya mchanga pembeni, na mchanga uwe mkavu. Ule ulioloa maji ya bahari unapitisha umeme. Na usichaji ukiwa umelala, hata kama unajiamini vipi.

Kama hurushi kesho, usiiache imejaa. Ishushe mpaka 3.8 kila seli, chaja nyingi zina kitufe cha kazi hiyo, halafu itunze pasipo na jua. Boksi la bodaboda linaloshinda mchana kutwa kwenye foleni ya kivuko cha Bweni sio stoo.

Betri inayoanza kuvimba utaijua mezani: ilikuwa inakaa bapa, sasa inayumba ukiigusa, na plastiki yake imekaza mpaka inang'aa. Ndani kuna gesi. Kuna wajanja wanaitoboa ipungue. Ukitaka kuona moto kwa karibu, hiyo ndiyo njia ya mkato. Wengine wanaichovya kwenye maji ya chumvi ili "ife". Chumvi inakula vichwa vya nyaya kwanza, umeme unabaki ndani, na wewe unadhani imekufa. Ua kwa balbu ya gari ya volti 12: moja inatosha 3S, kwa 4S unganisha mbili kwa mfuatano, nje ya nyumba, mpaka zizime kabisa. Iliyodondokea baharini nayo iache nje, mbali na vitu, na usiichaji tena hata ikionekana mzima.

Anayeagiza Dar amwambie mletaji hivi: kama anapanda ndege, betri zinakaa begi la mkononi, vichwa vimezibwa na tepu, haziendi kwenye mzigo wa chini. Mwisho ni wati-saa 100 kila moja bila kuomba ruhusa, na 4S yetu ya 1500 ina 22.2 tu. Akija na basi, azipakate mwenyewe. Kwenye buti kuna joto na madumu ya watu.