Usitupe Spika ya Mzee Kabla ya Kuipima

Katika baadhi ya nyumba za wakulima wa kahawa, kuanzia Runyenjes huko Embu hadi Nkubu huko Meru, bado utaziona spika mbili kubwa za mbao pembeni mwa sebule, zimefunikwa vitambaa vya kufuma. Baridi kali ilipounguza mibuni ya Brazil mnamo Julai 1975, bei ya kahawa ilipanda kote duniani. Katika miaka ya 1976 na 1977 mkulima wa Kenya alishika pesa ambazo hakuwa amezoea kuzishika. Kuna aliyejenga nyumba ya mawe, na kuna aliyenunua stirio.

Leo huenda mzee hayupo, na spika moja inakwaruza au imenyamaza kabisa. Vijana wanasema iuzwe kwa mnunuzi wa vyuma kuukuu. Mama naye hataki, kwa kuwa ndiyo sauti ya nyumba yake tangu ujana. Kabla hamjagombana, kumbukeni kuwa wahenga walisema, usitupe mbachao kwa msala upitao. Huenda spika hiyo si mgonjwa hata kidogo.

Ugonjwa uko wapi?

Zima mtambo na uchomoe plagi ukutani. Kwenye amplifaya, hamisha waya wa spika ya kushoto uuweke kulia, na wa kulia uuweke kushoto. Kisha washa kwa sauti ya chini. Ikiwa kelele imehamia katika spika iliyokuwa nzima, basi umeisingizia spika ya watu. Kosa liko katika amplifaya au nyuma yake. Hapo mwite fundi. Usiifungue mwenyewe, kwani umeme wa volti 240 si mchezo, na kuna vifaa ndani vinavyohifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

Kelele ikibaki katika spika ile ile, jaribu kwanza waya mwingine. Waya uliotafunwa na panya umewahi kufanya spika nyingi nzima zihukumiwe bure.

Ikiwa imenyamaza

Tenganisha spika na amplifaya. Chukua jiwe moja la redio la volti 1.5, na uguse ncha za waya wa spika kwa nukta moja tu. Koni kubwa ikiruka na kulia "ko!", koili yake ingali hai. Isipotikisika, fungua kisanduku na uijaribu koni yenyewe. Usiijaribu twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, kwa njia hii, ni dhaifu. Fundi mwenye mita atakupa jibu la hakika: spika iliyoandikwa omu 8 kwa kawaida husoma kama 6 hivi. Mita isiposoma chochote, waya umekatika mahali.

Ikiwa inakwaruza

Mtambo ukiwa umezimwa, sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, pande zote sawasawa. Ikienda na kurudi kimya, ni vyema. Ukisikia mkwaruzo, koili inasugua sumaku, labda kwa kuungua au kwa kuangushwa.

Tazama pia ukingo wa koni. Spika nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa na ukingo wa sponji, na sponji huoza kwa umri hata kama spika haikuchezwa. Ikiwa inamomonyoka kama mkate mkavu, kinachohitajika ni ukingo mpya tu. Fundi akikuambia aing'oe yote na kuweka mpya inayong'aa, muulize kwanza kwa nini. Kisanduku kilipimwa kwa koni yake, na sumaku ya zamani ingali na nguvu.

Ikiwa sauti nyembamba imepotea

Besi ikisikika lakini kayamba na matoazi yamefifia, shuku twita au kapasita iliyo mbele yake. Kapasita hukauka kwa miaka. Ibadilishwe kwa nyingine ya kipimo kile kile, isiyo na upande wa chanya na hasi. Ni kifaa kidogo, na mara nyingi bei yake haifiki hata robo ya spika mpya.

Na spika zote mbili zikilia lakini besi haipo, angalia nyaya. Huenda nyekundu na nyeusi zimepishana katika spika moja.

Spika ikipona, usiifungulie sauti hadi mwisho siku ya arusi. Amplifaya ndogo inapolazimishwa kupiga kelele, huharibu sauti na kuiunguza twita.

Basi Jumapili hii, kabla ya mnunuzi wa vyuma kubisha hodi, tafuta jiwe moja la redio na uketi mbele ya spika hiyo. Mwite mama naye aketi karibu. Ikilia "ko!", atakuwa wa kwanza kuijua sauti hiyo.