Yustino, Mwanafalsafa Aliyeukuta Ukweli

Kila tarehe 1 Juni Kanisa humkumbuka Mtakatifu Yustino, shahidi. Alizaliwa karibu na mwaka 100 huko Flavia Neapolis, mji wa Samaria uitwao leo Nablus, katika jamaa ya wapagani.

Kiu yake ilikuwa kumjua Mungu. Mwalimu wake wa kwanza, Mstoiki, hakuwa na la kumwambia juu ya Mungu. Wa pili, mfuasi wa Aristoteli, alitanguliza habari ya ada. Wa tatu alimtaka ajifunze kwanza muziki, elimu ya nyota na jiometri. Kwa wafuasi wa Plato alipata faraja, akadhani yu karibu kumwona Mungu. Ndipo, akitembea kando ya bahari, akakutana na mzee mmoja aliyemwonyesha mipaka ya hekima hiyo, akamwelekeza kwa manabii na kwa Kristo. Jina la mzee huyo Yustino hakuliandika.

Tena alikwisha kusikia Wakristo wakisingiziwa maovu. Lakini alipoona hawaogopi kifo, alitambua kwamba mpenda anasa hawezi kuufuata upanga kwa hiari yake.

Alipoamini hakulivua joho la wanafalsafa, bali alifungua shule Roma. Karibu na mwaka 155 alimwandikia Kaisari Antoninus Pius kuwatetea Wakristo, akieleza ibada ya Dominika: masomo, mahubiri, sala, mkate na divai, na sadaka kwa yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Ndiyo Misa yetu hii.

Karibu na mwaka 165, katika utawala wa Marcus Aurelius, Kaisari mpenda falsafa, Yustino na wenzake sita walisimamishwa mbele ya liwali Rusticus, aliyekuwa mwalimu wa Kaisari huyo. Walikataa kuitolea miungu sadaka, wakapigwa mijeledi na kuuawa. Wenye hekima walimhukumu mwenye hekima mwenzao!

Nasi tunajifunza nini? Katekista anayevunjika moyo kwa uchache wa wanafunzi na amkumbuke yule mzee wa pwani: alikuwa na msikilizaji mmoja tu. Na sisi sote tujiulize: jirani akisikia tunasingiziwa, je, mwenendo wetu utatosha kumfanya asite kuamini?

Mtakatifu Yustino, utuombee. Amina.