Hodi Kabla ya Kushuka Pangoni

Miamba ya Vilima vya Iveti, juu ya mji wa Kathiani, ni ya kale na migumu mno. Maji ya mvua hayaiyeyushi kama yanavyoyeyusha mawe ya chokaa ya Pwani, wala haikutokana na lava kama ile ya Chyulu. Ndiyo maana huku mtu hukuta nyufa na vibanda vya mawe kati ya majabali, lakini hakuti mapango marefu. Kijana wa Kathiani anayetaka kuona pango lenyewe hana budi kusafiri: ateremke Makueni hadi Chyulu, aende Suswa katika Bonde la Ufa, au avuke mpaka wa Lunga Lunga hadi Amboni, kaskazini mwa mji wa Tanga. Akifika Amboni ni mgeni, sawa na Mwingereza anayetua Nairobi akiwa na kofia ngumu na kamba begani.

Wote wawili wanakabiliwa na swali moja: nani mwenye kutoa ruhusa? Wageni wengi hudhani ni ofisi moja na karatasi moja. Kwa kawaida pango lina wenyewe wa aina tatu: serikali inayolilinda, mwenye ardhi iliyo juu yake, na jamii iliyolitumia tangu zamani. Ruhusa ya mmoja haiondoi haja ya kumwomba mwingine.

Tuanze na serikali. Vilima vya Chyulu vina hifadhi ya taifa tangu 1983, na humo limo pango la lava la Leviathan, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 11. Hapo mlango ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Pango likiwa ndani ya msitu wa serikali, mlango ni Huduma ya Misitu, KFS. Likiwa na mifupa, vigae au michoro ya kale, sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006 inahusika, na Makavazi ya Kitaifa lazima yajue. Ulinzi huu una sababu. Mvua inayonyesha Chyulu huzama katika lava na kutokeza chemchemi za Mzima, ambazo maji yake husafirishwa kwa bomba hadi Mombasa. Uchafu ukiachwa juu unaweza kuwafikia watu wasiojua hata kama pango hilo lipo.

Hapa ndipo wengi hukosea. Tiketi ya mlangoni ni ya kutembelea tu. Haimruhusu mtu kufunga kamba, kupima njia za chini, kuchimba udongo wala kukamata popo. Anayefanya utafiti Kenya huomba leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na akiwa mtafiti wa kigeni hutakiwa kushirikiana na taasisi ya humu nchini. Tanzania kazi hiyo ni ya tume ya sayansi ya huko, COSTECH, na Uganda ni ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Maombi haya huchukua muda, kwa hiyo yatangulie tiketi ya ndege.

Vyombo vya usalama navyo vijulishwe. Februari 2015 polisi na wanajeshi wa Tanzania walipambana na watu wenye silaha katika eneo la mapango ya Amboni, na mwanajeshi mmoja akapoteza maisha. Baada ya tukio kama hilo, kundi la wageni wanaoingia ardhini usiku na mabegi mazito, bila polisi wala uongozi wa kijiji kuarifiwa, lisishangae likikamatwa.

Mwenye pango wa pili ni mwenye ardhi. Mapango ya Suswa yamo katika ardhi ya Wamaasai, na jamii yenyewe imeanzisha hifadhi inayopokea wageni, inayotoza ada na kutoa waongozaji. Tangu Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, jamii ina nafasi wazi zaidi kisheria ya kusimamia ardhi yake. Huko Shimoni, Kwale, wanakijiji wenyewe ndio wanaopokea wageni katika pango la kumbukumbu za watumwa, na mapato yanarudi kijijini. Mgeni anayekwepa ada hiyo kwa kuwa ana barua kutoka Nairobi anawapokonya wenyeji sababu ya kulitunza pango.

Wa tatu ni jamii, kupitia wazee wake, na hiyo ndiyo inayosahauliwa zaidi. Pango la Panga ya Saidi, katika Kaunti ya Kilifi, lilisikika duniani kote Mei 2021, watafiti walipotangaza kaburi la mtoto aliyezikwa humo takribani miaka 78,000 iliyopita, kaburi la kale kuliko yote ya binadamu wa kisasa yanayojulikana Afrika. Lakini kwa watu wa hapo pango hilo halikuwahi kuwa makavazi. Bado ni mahali pa ibada. Ukambani tunalijua jambo hili bila kufundishwa: ithembo, yaani mahali patakatifu pa ibada, haliingiwi na mtu asiyesindikizwa na wazee wake, hata kama shamba lina hati. Utaratibu ni ule ule wa boma lolote la Kathiani: mgeni husimama langoni, hupiga hodi, na husubiri karibu.

Kupiga hodi ni pamoja na kukubali jibu la hapana. Pango la Kitum, katika Mlima Elgon upande wa Kenya, linahusishwa na wagonjwa wawili wa homa ya Marburg, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa homa hiyo hiyo baada ya kuingia Pango la Chatu katika msitu wa Maramagambo, Uganda. Popo wanaokula matunda ndio wanaohifadhi virusi vya homa hiyo. Baadaye pango hilo la Uganda lilifungwa na jukwaa likajengwa mbali kidogo, ili watu watazame bila kuingia. Anayeruka uzio wa namna hiyo huhatarisha pia watu wa kijiji atakacholala usiku ule.

Kuna pia suala la uokoaji. AMREF Flying Doctors hubeba wagonjwa kwa ndege, lakini lazima mtu awe ameshafikishwa juu. Kazi ya kumtoa ardhini itawaangukia wenzake na wanakijiji. Kwa hiyo kundi lije na vifaa na ujuzi wa kujiokoa, na limwachie chifu au mwongozaji maandishi yanayotaja waliomo, njia waliyochukua, saa ya kutoka na nani apigiwe simu wakichelewa.

Basi mtu aanzie wapi? Aanze na watu. Umoja wa kimataifa wa wapekuzi wa mapango, ulioundwa Slovenia mwaka 1965 na unaojulikana kwa kifupi UIS, una kanuni za maadili kwa wanaotembelea nchi nyingine: watafute wapekuzi wa huko kwanza, wapate ruhusa, waheshimu mila, na waache nakala za ramani na ripoti. Kenya ilikuwa na Cave Exploration Group of East Africa, kundi la Nairobi lililopima mapango ya Suswa na Chyulu. Mwenyeji anayejua pango atakuambia ni ofisi ipi yenye mamlaka, mzee yupi aonwe kwanza, na mvua inaingia kwa mlango gani. Kutoka kwake nenda kwa mzee wa kijiji na chifu, kisha ofisi za serikali, na urudi tena kwa wenye ardhi kuwaonyesha barua ulizopata.

Katika kanuni hizo, ile ya ramani ndiyo iliyovunjwa sana. Mapango mengi ya Afrika Mashariki yamechorwa na wageni, ramani zikachapishwa Ulaya, na mwalimu wa jiografia aliye karibu na pango hajawahi kuziona. Nawasihi machifu, wazee na wasimamizi wa hifadhi za jamii: kabla ya kusema karibu, andikeni katika makubaliano kwamba nakala ya ramani, picha na ripoti itarudi shule ya karibu na ofisi ya kaunti. Nawe kijana wa Kathiani unayefunga safari ya Amboni, wapelekee wenyeji wa Tanga heshima hiyo hiyo.