Uso wa Mirambo

Mwaka 1872 mwandishi wa habari Stanley alichapisha kitabu kuhusu safari yake ya kumtafuta mmisionari Livingstone, na humo Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, ni mpagazi aliyegeuka jambazi wa msituni. Wakati huo Stanley alikuwa hajamwona hata mara moja. Mwaka uliotangulia alikuwa ameungana na Waarabu wa Tabora kumpiga mtemi huyo, wakashindwa vibaya, naye akatoka mbio pamoja na wenzake. Picha ya kwanza ya Mirambo, basi, ilichorwa na mtu aliyeshindwa vitani, kwa maneno ya wafanyabiashara waliokuwa wakipoteza pembe na mizigo yao.

Tarehe 22 Aprili 1876 Stanley na Mirambo wakakutana Serombo, mji wa nchi ya Wasumbwa, upande ambao leo malori ya Rwanda na Burundi yanapita kutoka Kahama kuelekea Ushirombo. Stanley aliukadiria kuwa na nyumba kama 1,000 na watu 5,000. Akaja mwanamume wa miaka kama 35, urefu futi 5 na inchi 11, uso mzuri uliokaa sawa, sauti ya upole. Amevaa Kiarabu: kilemba, koti la kitambaa kizuri, upanga uliopinda. Vijana waliomfuata walivaa makoti mekundu na ya buluu juu ya kanzu nyeupe. Jambazi amekuwa muungwana.

Tumwamini Stanley lini? Siku hiyo Manwa Sera, kiongozi wa wapagazi wa Stanley, aliwachanja wote wawili mguu wa kulia wakachanjiana damu. Stanley alihitaji njia salama ya kwenda Ujiji, na ndugu wa damu hasimuliwi kwa ubaya. Sifa za tabia tuzipunguze bei. Urefu nao ulipimwa kwa macho, tena macho ya mtu mfupi. Mavazi ni jambo jingine: hakuna faida ya kudanganya kuhusu kilemba. Na kilemba hicho kinasema mengi, kwani aliyekivaa ndiye aliyewafungia Waarabu njia ya biashara.

Wamormoni wana mgogoro kama huu juu ya uso wa mwasisi wao, Joseph Smith, ila wao wana kipimo. Smith aliuawa Juni 1844 katika jela ya Carthage, Illinois, kamera ikiwa na miaka mitano tu tangu itangazwe duniani. David Rogers alikuwa amemchora kwa rangi ya mafuta mwaka 1842, na baada ya kifo George Cannon alimmiminia plasta usoni akapata umbo lake. Mwaka 2022 ilipotangazwa picha ndogo iliyokutwa ndani ya kidani cha ukoo wake, watu waliilinganisha na plasta hiyo: pua, paji, umbali wa macho. Bado hawajakubaliana, lakini angalau wanabishana wakiwa na kitu mkononi.

Mirambo alifariki Desemba 1884, wala hakuna aliyempaka plasta. Mchoraji wa kitabu cha shule anayetaka kumchora Serombo kwa maneno ya Stanley anaweza kushona koti, kufunga kilemba na kuwapanga vijana nyuma yake bila wasiwasi. Akifika puani inabidi abuni, maana Stanley, aliyeandika kurasa nyingi kumhusu, hapo hakumsaidia.